Toa hizo betri za laptop kabla hujafunga boksi

Mkuu, zitoe hizo 18650, zile betri za duara za laptop. Nimesoma swali lako lote la kujitengenezea kifaa cha kupimia pango: leza ipi, ESP32 au Arduino (zile bodi ndogo za kuendesha kifaa), boksi la nini, simu itachoraje pango. Yote yanajibika. Lakini mwishoni umeandika kwamba umeme utatoka kwenye betri mbili za 18650 ulizochomoa kwenye laptop mbovu, na kwamba kalibresheni, yaani kuisahihisha sensa, "sensa inajifanyia yenyewe ukiizungusha namba nane hewani". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na watu wa kijiji kizima wakachimba shimo mahali ambapo chini yake hapakuwa na tone la maji.

Angalia kifaa chako kinavyofanya kazi. Leza inapima umbali. Akseleromita inasoma mteremko kwa kuhisi mvutano wa dunia. Magnetomita inasoma mwelekeo kwa kuhisi uga wa sumaku wa dunia. Viwili vya kwanza havina tabu kubwa. Hiyo magnetomita ndiyo itakuumiza, kwa sababu uga wa dunia ni mdogo mno, mikrotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 25 hadi 65 kutegemea uko wapi, na ukanda wetu huu uko upande wa chini. Sasa betri ya 18650 gamba lake ni chuma. Ukiiweka sentimita mbili tatu kutoka kwenye sensa, sensa haijui ipi ni sumaku ya dunia na ipi ni ya betri. Inajumlisha tu na kukupa namba.

Na kosa lenyewe halilingani pande zote, ndiyo maana linapita bila kuonekana. Ukielekeza kifaa upande fulani, sumaku ya betri inavuta sambamba na kaskazini na namba inatoka sahihi kabisa. Ukigeuka robo duara, kosa linafika kileleni. Sisi chetu tulikijaribu pale Mwanga kwa kulenga mnara wa msikiti ulio mbali, kikalingana na dira, tukashangilia. Tulilenga upande mmoja tu. Pango nalo lilikuwa linakwenda upande mwingine.

Kijiji sitakitaja, ni mwendo wa pikipiki kutoka Uvinza. Kuna pango la mawe ya chokaa, na ndani, kama mita 180 kutoka mlangoni, kuna dimbwi lisilokauka kiangazi. Kina mama walikuwa wanaingia na ndoo gizani, wanapita mahali ambapo lazima utambae. Wazo la kijiji lilikuwa zuri: pango lipimwe, tujue dimbwi liko chini ya sehemu gani ya kilima, kisha tuchimbe kutoka juu tulifikie maji kwa kamba. Tukapima. Nikachora, nikapanda kilimani, nikapiga kigingi. Mimi mwenyewe nilikipiga.

Walichimba kwa sururu na nyundo, kwa zamu, vijana na wazee. Wakapita udongo, wakaingia kwenye mwamba, wakaendelea kwa sababu karatasi ilisema maji yapo. Mzee mmoja akaniita pembeni: "Mwanangu, tukiwa ndani ya pango nyundo tunaisikia, lakini inagonga kule, siyo juu ya maji." Tukarudi na dira ya kawaida na tepu, tukapima upya njia nzima. Kifaa kilikuwa kimepinda kwa digrii 4 hivi. Piga hesabu mwenyewe: digrii 4 kwenye mita 180 ni mita 12 na nusu. Shimo lilikuwa linashuka kwenye jiwe tupu. Nguvu za watu wale hazirudi, na mwenyekiti aliyetuamini alisemwa vibaya mkutanoni kwa kosa lisilo lake.

Aliyetuuzia vifaa ndiye aliyetufundisha namba nane. Akasema kwa kujiamini kabisa kwamba chipu ina akili, ikishakaa sawa inakumbuka. Nina hasira naye mpaka leo, maana kuuza asichokijua ni biashara, lakini kufundisha asichokijua ni kuharibia watu. Namba nane inaweza kufaa kwenye simu inayokutafutia duka la dawa. Haijui leza yako imekaa kwa pembe gani ukilinganisha na chipu. Na sisi tuliifanya mezani, chini ya bati, ukutani kuna nondo, kifaa kikila umeme wa waya wa USB. Betri tuliiweka baadaye! Yaani tulisahihisha kifaa kimoja, tukaingia pangoni na kingine.

Basi shika hili, mengine yote unaweza kuyapuuza: funga kila kitu kwanza, kalibresheni baadaye, na ukifungua boksi kwa sababu yoyote, unaanza upya. Kila kitu maana yake betri ile ile, skurubu zile zile, kava limebana. Betri ikitikisika kidogo kwenye kishikio chake, kalibresheni imekufa. Boksi la plastiki likiachwa kwenye dashibodi juani likapinda, imekufa pia.

Betri nunua LiPo (lithiamu-polima) bapa ya mfuko, haina gamba la chuma. Beat Heeb wa Uswisi, aliyetengeneza DistoX, kifaa cha kupimia mapango, kwa kuweka bodi yake ndani ya kipima umbali cha leza cha Leica Disto A3, alipohamia kwenye Disto X310 betri za kawaida ziliondolewa zikawekwa LiPo, na sababu ni hii hii. Hata hivyo usiamini lebo. Chukua dira ya sindano, sogeza kila kipande karibu yake, kizungushe taratibu. Sindano ikicheza, hakiingii. Pima hata vile vibati vya nikeli kwenye ncha za betri, pini za bodi, na skurubu ulizoambiwa ni za shaba. Kipaza mlio kile chenye sumaku ndani kiache kabisa. Waya mbili za leza zisokote pamoja: mkondo wa miliampea 100 kwenye waya mmoja ulio sentimita 1 kutoka kwenye sensa unatoa mikrotesla 2, na kwa uga wa huku kwetu hizo peke yake zinaweza kukupotosha digrii 4. Zikisokotwa, za kwenda na za kurudi zinafutana.

Kalibresheni fanya porini, mbali na reli, magari na paa za bati. Watu wa DistoX wanapiga vipimo 56: pande 14, yaani mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini na pembe nane za mchemraba, na kila upande mara nne huku unakiviringisha kifaa kwenye mhimili wa leza, uso juu, kulia, chini, kushoto. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua kaskazini ya kweli iko wapi. Unachodai ni kwamba vipimo vinne vya mstari mmoja vikupe jibu moja. Wao wanataka kosa lisizidi nusu digrii. Kisha piga vigingi viwili, pima kwenda na kurudi, tofauti iwe digrii 180. Rudia kwa mistari ya pande tofauti, usifanye kama sisi na mnara wetu.

Ndani ya pango, taa ya kichwani, miwani ya fremu ya chuma, saa na simu viwe mbali na kifaa. Simu hasa, spika yake ina sumaku.

Leza chukua yoyote inayotoa namba kwa waya, mradi uifunge isicheze. ESP32 inatosha. Habari ya kuchora tutaongea kifaa kikishasema kweli.

Kabla hujafunga kava, piga picha ya ndani uiweke hapa, ionekane vizuri betri iko umbali gani na sensa. Na usiku wowote utakaomaliza vile vipimo vinne vinne, weka namba zenyewe, hata kama ni mbaya. Nitazipitia zote.