Ninachosubiri ni Majora's Mask, kwa mara ya tatu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mchezo gani wa video wa zamani ambao sisi wasomaji tunausubiri kwa hamu utolewe upya ukiwa umeboreshwa, na ni kitu gani ndani yake tungependa kiguswe au kisiguswe. Jibu langu ni fupi kulitaja na refu kulieleza: nausubiri Majora's Mask wa mfululizo wa The Legend of Zelda, mchezo uliotoka mwaka 2000 katika mashine ya Nintendo 64 na ambao tayari umeshaboreshwa mara moja, mwaka 2015, kwa ajili ya Nintendo 3DS. Wapo watakaoona ajabu mtu kuomba kuboreshewa kilichokwisha kuboreshwa, lakini sababu ninazo, na ni kwa ajili ya hizo nimeandika barua ndefu kuliko kawaida yangu.

Kusubiri mchezo mpya si sawa na kusubiri mchezo unaoujua. Mpya huusubiri bila chochote moyoni isipokuwa shauku, kwa kuwa hujui utakuletea nini. Ule unaoujua huusubiri ukiwa na mali ya kupoteza: unajua wimbo fulani unaanza ukifika wapi, unajua sauti ya mlango, unajua kidole chako kinakaa juu ya kitufe gani kabla ya kuruka, na unatamani vyote vibaki huku ukitamani pia yale yaliyokukera yaondoke. Ndiyo maana habari ya mchezo wa zamani kutolewa upya hunifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pumzi moja.

Mfululizo huu, ulioanza Japani mwaka 1986, una desturi ndefu ya kurudi nyuma. Ocarina of Time wa 1998 ulirudi mwaka 2011, The Wind Waker mwaka 2013, Majora's Mask 2015, Twilight Princess 2016, Link's Awakening, uliozaliwa kwenye Game Boy mwaka 1993, ulijengwa upya kabisa mwaka 2019, na Skyward Sword ukafuata mwaka 2021. Hata Breath of the Wild na Tears of the Kingdom, ambayo haina umri wa kuitwa ya zamani, ilipata matoleo yaliyoboreshwa pale Nintendo Switch 2 ilipotoka Juni 2025. Aliyeufuatilia mfululizo huu kwa muda wote huo hahitaji kubahatisha. Ameona mikono ile ile ikirekebisha vizuri, na ameiona pia ikirekebisha pasipohitaji.

Kilichonifundisha kutumaini ni viatu. Katika Ocarina of Time lipo Hekalu la Maji, na yeyote aliyelipita katika Nintendo 64 analikumbuka. Link, shujaa wa mfululizo huu, huvaa viatu vya chuma ili azame na kutembea chini ya maji, kisha huvivua ili aelee, na hekalu zima limejengwa juu ya kuzama huko na kuibuka. Katika toleo la kwanza kila kuvaa na kila kuvua kulikuwa na safari yake: unasimamisha mchezo, unageuza kurasa za menyu hadi ile ya mavazi, unachagua viatu, unafunga menyu, unatembea hatua chache, kisha unaanza tena. Watu walitoka mle wakisema hekalu ni gumu, kumbe kilichowachosha ni menyu. Toleo la 2011 liliviweka viatu kwenye skrini ya kugusa, vikawa vya kuvaliwa kwa kidole kimoja, na likachora mistari ya rangi kutani kuelekeza mahali pa kubadilishia kina cha maji. Fumbo lenyewe lilibaki lile lile: bado ulipaswa kukumbuka maji yako ngazi gani, ni mlango upi unafikika yakiwa juu na upi yakiwa chini. Picha nazo zilipanda kutoka fremu (picha moja moja zinazopishana kwenye skrini) 20 kwa sekunde hadi 30, na hilo lilipendeza, lakini mimi nilivutwa zaidi na viatu. Kuna mtu alikaa, akatafuta hasa mahali ambapo mchezaji alikuwa anaumia bila faida yoyote, akapaondoa hapo tu.

The Wind Waker ulinifundisha jambo la karibu na hilo. Mchezo ule ni wa bahari, na katika toleo la awali kila ulipotaka kubadilisha uelekeo ulisimama, ukainua kijiti cha kuongozea muziki, ukapiga wimbo wa upepo, ukachagua upande, ndipo ukatweka tanga tena. Toleo la 2013 liliongeza tanga la kasi, ambalo hupatikana mnadani humo humo mchezoni na ambalo huufanya upepo uwe nyuma yako sikuzote. Wapo waliosema bahari imepunguzwa ukubwa kwa kuwa sasa inavukwa upesi, na nawaelewa, kwa sababu ule uvivu wa safari ndio uliofanya kisiwa kinachochomoza kwa mbali kiwe tukio. Lakini anayeupenda uvivu huo anaweza kuliacha tanga jipya asilinunue. Kuhusu kuopoa vipande vinane vya Triforce, hazina takatifu ya mfululizo huu, sina shaka hata kidogo: awali kila kipande kilikuwa na ramani yake, na kila ramani ililipiwa rupia 398, fedha za mchezoni, ili isomeke kabla hujaenda kukitafuta baharini, ilhali katika toleo jipya vipande vitano hukutwa moja kwa moja pale zilipokuwa ramani zake. Hakuna nilichokipoteza.

Sasa nifike kwa Majora's Mask. Kwa ambaye hajaucheza, Link anajikuta katika nchi iitwayo Termina, ambako mwezi wenye uso wa kutisha utauangukia mji baada ya siku tatu. Siku hizo tatu, saa 72 za mchezoni, hupita kwa takribani dakika 54 za kwetu usipozipunguza kasi. Unao wimbo wa kukurudisha alfajiri ya siku ya kwanza, lakini ukirudi, watu wote wamekusahau, na mema yote uliyowatendea hayajatendeka. Waongozaji wake, Eiji Aonuma na Yoshiaki Koizumi, waliutengeneza kwa muda mfupi wakitumia tena zana na sura nyingi za Ocarina of Time, na nadhani ufinyu ule ndio uliowafanya wawekeze kwenye watu badala ya ukubwa wa ardhi.

Mfano wa watu hao ni Anju, msichana wa nyumba ya wageni ambaye mchumba wake, Kafei, ametoweka harusi ikiwa imekaribia. Ili kuwakutanisha unapaswa kuwa jikoni kwa Anju saa tano na nusu usiku wa siku ya kwanza, upokee barua, uitie kwenye sanduku la posta, umfuate siku ya pili yule atakayeletewa barua hiyo, na jioni ya siku ya tatu uwe mbali kabisa, huko Ikana, kwenye maficho ya mwizi. Kisha unarudi mjini. Wengi wamekwisha kukimbia, ardhi inatetemeka, na wewe unakaa na Anju chumbani mkimngoja mtu ambaye huna hakika atafika. Saa kumi na nusu alfajiri, ikiwa imebaki saa moja na nusu mwezi uanguke, Kafei anaingia. Sijapata kuona mchezo mwingine unaoifanya saa iwe na uzito wa namna hiyo, na ukikosea hatua moja unarudi siku ya kwanza, kwa Anju asiyekujua.

Toleo la 2015 liliyatendea haki mambo haya kwa sehemu kubwa. Daftari la kumbukumbu lilipanuliwa, likawa linaonyesha nani anahitaji nini na saa ngapi. Wimbo wa kuharakisha muda, ambao awali ulikurusha hadi mapambazuko au machweo yanayofuata tu, ulikuwezesha kuchagua saa unayoitaka, na hivyo ukaisha ule muda wa kusimama kona ya barabara bila kazi ukingoja saa tano na nusu ifike. Sanamu za bundi zikawa mahali pa kuhifadhi mchezo kwa kudumu; zamani uhifadhi wake ulifutika mara tu ulipoufungua, na njia pekee ya kuhifadhi moja kwa moja ilikuwa kupiga wimbo na kuziacha siku zako tatu. Hapa nakiri kwamba nilisita. Kule kulazimika kuyaacha yote ili uhifadhi kulikuwa sehemu ya hofu ya mchezo, nami niliipenda hofu hiyo. Ila mtu mwenye dakika 20 tu za kucheza kabla ya kuitwa kwenye shughuli nyingine hastahili kupoteza jioni yake kwa ajili ya hofu ninayoipenda mimi. Jicho kubwa walilobandikwa majitu wa mahekalu ili wachezaji wajue pa kupiga sikulipenda, lakini halikunikosesha usingizi.

Kilichoniuma ni kuogelea. Link akivaa kinyago cha Zora hugeuka kiumbe wa majini, na katika Nintendo 64 ulikibonyeza kitufe kimoja akachomoka kama mshale, akapinda kwa wepesi chini ya maji, na ukimwelekeza juu kwa kasi aliruka nje ya bahari kama pomboo na kuzama tena. Haikugharimu chochote. Nguvu ya uchawi ilitumika tu pale ulipotaka kujizungushia umeme. Katika toleo la 2015 kitufe kile kilimfanya aogelee polepole, na kasi ya zamani ikaunganishwa na umeme, kiasi kwamba huipati bila kuitumia nguvu ya uchawi, nayo inapokwisha unabaki unajivuta. Naelewa nia: ndani ya vyumba vyembamba vya hekalu watu walikuwa wanajigonga kutani. Lakini dawa ya chumba chembamba ilipewa bahari nzima.

Mdogo wangu aliuanza mchezo huu kwenye 3DS na kuumaliza bila kujua kwamba kuna kitu amenyimwa. Siku alipoushika ule wa zamani alikuwa anacheka picha zake, hadi alipofika Great Bay, ghuba ya Termina, akavaa kinyago na kubonyeza kitufe. Aliruka nje ya maji mara ya kwanza kwa bahati. Akaruka ya pili kwa makusudi. Akageuka kuniangalia na kusema, "Kaka, kumbe anaweza hivi?" Hakwenda hekaluni jioni ile. Alizunguka ghuba akiruka na kuzama, huku saa ya mchezo ikimalizika, na mwezi ulipoanguka alirudi siku ya kwanza na kwenda baharini tena.

Viatu vya chuma vilikuwa kero, na kuviondolea menyu hakukumnyang'anya mtu furaha. Kuogelea kulikuwa furaha yenyewe, ugumu wake mdogo ukiwa umefungamana na utamu wake, na huwezi kuupunguza mmoja bila kuugusa mwingine. Kwa hiyo ninachokiomba katika toleo la tatu ni daftari la 2015, wimbo wa kuchagua saa, sanamu za bundi za kudumu, na kuogelea kwa mwaka 2000. Pale wachezaji tunapotofautiana, tuachiwe tuchague. Si ombi geni kwa mfululizo huu: Skyward Sword wa 2011 ulichezwa kwa kupunga mkono kama aliyeshika upanga, na toleo la 2021 liliibakiza njia hiyo kwa wanaoipenda huku likiongeza njia ya vitufe kwa waliochoka au wasioweza. Ukurasa mmoja wa mipangilio unaouliza "kuogelea kwa zamani au kupya?" ungemaliza ubishi wa miaka mingi.

Ipo pia sababu ya upatikanaji. Maduka ya kidijitali ya Nintendo 3DS na ya Wii U, mashine nyingine ya Nintendo, yalifungwa kwa ununuzi tarehe 27 Machi 2023, na marekebisho yote ya Majora's Mask niliyoyasifu hapo juu yamebaki kwenye kaseti za mashine isiyouzwa tena. Toleo la Nintendo 64, kwa upande mwingine, linachezeka kwenye Switch kwa wanaolipia huduma ya usajili tangu Februari 2022. Mchezaji mpya wa leo anaupata kwa urahisi mchezo wenye kuogelea kuzuri na kuhifadhi kugumu, na kwa taabu ule wenye kuhifadhi kuzuri na kuogelea kuzito. Vyote viwili pamoja havipati popote, isipokuwa atumie marekebisho ambayo mashabiki wenyewe waliyatengeneza kwa ajili ya toleo la 3DS, ishara tosha kwamba si mimi peke yangu niliyekosa kitu.

Toleo hilo likitangazwa, sitatazama kwanza ung'avu wa maji wala idadi ya fremu. Nitasubiri video ya kwanza inayoonyesha Great Bay, na nitaangalia mstari wa kijani wa nguvu ya uchawi, nione kama unapungua Link anapoogelea.