Nairobi hadi New York: acheni kilomita, someni tiketi

Mmeniletea maswali ya ndege tena, na nusu yake ni lile lile.

Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?

Karibu 11,800. Naomba iwe mara ya mwisho.

Ndege huenda kilomita 900 kwa saa. Nimegawanya, nikapata saa 13. Mbona wanasema 15?

Kugawanya unajua, upepo ndio umeusahau. Hizo 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe haitulii. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Ukienda unapambana nao, ukirudi unakusukuma, ndiyo maana Kenya Airways ilipoanza safari hii Oktoba 2018 ilitaja saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tena rubani hafuati rula: tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, ndege nyingi za abiria zimekuwa zikilizunguka anga lake. Na saa za tiketi huanza ndege inapoacha maegesho, si inaporuka.

Naondoka 23:30, nafika 06:30. Si saa saba tu?

Laiti. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Saba na nane, kumi na tano. Kuanzia Machi hadi Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7. Anayekupokea mpe saa ya kwake, asije akakesha uwanjani bure.

Mwanangu anaondoka Dar tarehe 12, saa 00:15. Tufike uwanjani lini?

Tarehe 11, saa tatu usiku. Narudia: kumi na moja.

Niliwahi kusimama nyuma ya mama mmoja kaunta, ndoo ya samli imezungushiwa utepe wa gundi mpaka mfuniko hauonekani, wajukuu wanne wa kumsindikiza. Binti wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama mama, akasema taratibu: "Mama, ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo." Yule mama alikuwa amesoma "12" akaja usiku wa tarehe 12, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Hakuna aliyemweleza, hata aliyemuuzia.

Na Kiswahili kina namna yake ya kulisema hilo siku zote: usiku wa kuamkia tarehe 12. Mawakala wa tiketi, iandikeni hivyo kwa kalamu juu ya karatasi, wino hauwafilisi. Na mkiwa hapo, andikeni kwamba 07:00 ni saa moja asubuhi. Wapo wanaoisoma saa saba, wakafika uwanjani wameshapata chakula cha mchana.

Dar hakuna ndege ya moja kwa moja hadi New York. Nikinunua tiketi mbili mbalimbali si nafuu?

Nafuu mpaka ya kwanza ichelewe. Shirika la pili halikujui. Ukikosa ndege yake, umekosa na pesa. Begi nalo mara nyingi utalichukua mwenyewe katikati ya safari na kulikabidhi upya, na nchi nyingine haziruhusu ulifikie begi hilo bila viza. Ukishupalia, acha angalau saa 6 kati ya ndege na ndege, na suala la viza uliulizie kabla hujalipa.