Kupiga picha za treni kwa kamera mpya: panga usiku, jaribu asubuhi

Treni huisumbua kamera ambayo bado hujaizoea. Ina taa kali usoni, vioo vinavyoakisi anga, ubavu unaong'aa, na mbele yake hupita nguzo na nyaya. Isitoshe, haikusubiri utafute kitufe. Ukiiacha kamera ijiamulie kila kitu, mara nyingi utarudi na treni yenye giza, pua iliyofifia, na nguzo ya umeme iliyotoka safi ajabu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika usiku wa kuamkia safari, mezani, kijitabu cha kamera kikiwa pembeni.

Anza na saa ya kamera, maana ndiyo inayosahaulika. Ilinganishe na ya simu hadi dakika. Ukitaka kujua baadaye ni treni gani uliyoipiga, njia ya haraka ni kulinganisha muda wa picha na ratiba, na kamera iliyo nyuma kwa saa moja itakupotosha siku nzima. Kisha fomati kadi (yaani ifute yote na kuiandaa upya) ndani ya kamera yenyewe, wala si kwenye kompyuta.

Betri beba mbili. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) hula umeme hata usipopiga picha, kwa kuwa unapochungulia unatazama skrini ndogo inayowaka muda wote. Nyingi hupewa makadirio ya picha 300 hadi 400 kwa chaji moja, na kwenye reli muda mrefu ni wa kusubiri, si wa kupiga. Iweke kamera ijilaze baada ya dakika 1, lakini kumbuka kwamba kuamka huichukua muda kidogo. Ukisikia tangazo au ukiona ishara imebadilika, bonyeza kitufe cha picha hadi nusu tu ili iamke kabla treni haijatokea.

Kadi nayo ina hesabu yake. Alama ya V30 maana yake kadi inaahidi kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Faili moja la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata) kutoka sensa, kipande kinachonasa mwanga, ya megapikseli 24 huweza kufika megabaiti 25 au zaidi, hivyo picha 10 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 250 kila sekunde. Kamera huzihifadhi kwanza kwenye kumbukumbu yake ya ndani, nayo ikijaa, kasi hushuka ghafla. Hushuka lini? Pale pale treni inapofika mahali ulipopataka. Kadi ya V60 au V90 husaidia kama kamera inaikubali, lakini dawa ya bure ni kuchelewa kubonyeza: acha treni ikaribie, piga mfululizo wa sekunde moja au moja na nusu, achia.

Mpangilio wa kuanzia uwe huu: shata 1/1000 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), lenzi f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), ISO otomatiki (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) yenye kikomo cha 6400, fokasi ya kufuatilia (kwenye kamera za Nikon na Sony tafuta AF-C, kwenye Canon ni Servo), eneo dogo la fokasi badala ya skrini nzima, na faili za RAW pamoja na JPEG. Uhifadhi kwenye mojawapo ya nafasi za mtumiaji, zile zinazoandikwa C1 au U1, ili ukivuruga mambo ugeuze gurudumu mara moja urudi nyumbani.

Jambo moja zaidi kabla ya kulala: zima shata ya kielektroniki, ile isiyotumia pazia linalosogea. Kimya chake kinavutia, lakini sensa nyingi huisoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kazi hiyo huweza kuchukua 1/25 ya sekunde hata kama umeweka shata 1/2000. Treni ya kilomita 100 kwa saa huwa imesogea zaidi ya mita 1 kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Matokeo yake ni mabehewa yaliyoinama kana kwamba yanasukumwa na upepo, na hakuna programu inayolirekebisha hilo vizuri, kwa sababu majengo ya nyuma yamesimama wima. Tumia shata ya mitambo, au ile inayoanza kielektroniki na kumalizia kwa pazia la kawaida. Wenye kamera za sensa ya kasi kubwa sana hawana tatizo hilo, ila wajue kwanza kama yao ni ya aina hiyo.

Kwa siku ya kwanza chagua stesheni yenye treni nyingi za kawaida, hata kama hazina mvuto. Kwenda kujaribu kamera mpya siku inayopita injini ya mvuke mara moja tu ni kujitafutia huzuni. Treni zinazofuatana kila baada ya dakika 10 au 15 hukupa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja, kuangalia, na kubadilisha kingine.

Fika na usimame upande ambao jua liko nyuma ya bega lako, liangaze pua na ubavu wa treni kwa pamoja. Mwisho wa jukwaa ni pazuri, mradi uwe ndani ya eneo la abiria na nyuma ya mstari wa usalama. Mahali reli inapopinda, kaa upande wa ndani wa kona kama unataka mabehewa yote yaonekane. Ukikaa upande wa nje, kichwa huja vizuri lakini mkia hujificha. Kwa lenzi, milimita 70 hadi 200 inatosha kwa kazi nyingi. Lenzi pana huvuta pua ya treni ikaonekana ndefu isivyo kawaida pembeni mwa picha, tena ina hatari: kila kitu ndani yake huonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Treni uliyoiona ndogo kwenye kamera inaweza kuwa imeshafika.

Hapo kwenye usalama sina mzaha. Treni za umeme huja kimya, hasa upepo ukivuma kuelekea kwao, na iliyo kwenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa huhitaji umbali unaoweza kuzidi kilomita moja kusimama. Dereva akikuona hana la kufanya zaidi ya kupiga honi. Nyaya za juu kwenye reli nyingi hubeba volti 25,000, na umeme wa kiwango hicho huruka hewani bila kuguswa. Usinyanyue kijiti cha kamera wala mwavuli karibu nazo, hasa ukiwa juu ya daraja. Usiwashe flashi, humpofusha dereva. Usivuke wala kukanyaga reli kwa ajili ya picha, hata ile yenye kutu. Ikipita treni moja, hesabu kwamba nyingine inakuja upande wa pili. Mwulize mfanyakazi wa stesheni kama picha zinaruhusiwa na kama stendi ya miguu mitatu inakubalika. Kila reli ina sheria zake, na stendi ndiyo hukataliwa zaidi.

Treni ya kwanza usiipige. Itazame tu inatokea wapi, taa zake zinaanza kuonekana lini, inachukua sekunde ngapi kufika mbele yako. Kwa kilomita 100 kwa saa, kilomita moja huisha kwa sekunde 36.

Ya pili iwe ya mwanga. Taa za mbele huidanganya kamera: inadhani mahali pote pameng'aa, inapunguza mwanga, na uso wa treni unakuwa mweusi. ISO otomatiki haikuokoi hapa, maana nayo hushuka kadiri taa zinavyokaribia. Kama jua limetulia, pima mwanga kwenye kokoto za reli kabla treni haijafika. Rangi yake huwa karibu na kijivu cha kati ambacho kipimo cha kamera kinakitarajia. Kisha hamia kwenye mpangilio wa mkono na ufunge namba hizo. Jua likiwa kali bila wingu, ISO 200, f/5.6 na 1/1600 ni mahali pema pa kuanzia. Treni nyeupe ipunguzie mwanga kidogo, nyeusi iongezee. Mawingu yakiwa yanakuja na kuondoka, ndipo urudi kwenye ISO otomatiki na kuongeza mwanga wa +0.7.

Fokasi iweke chini kidogo ya kioo cha dereva, palipo na namba, mistari au kingo za rangi. Kioo chenyewe huakisi anga na hakina kitu cha kushikika, taa nazo ni doa jeupe tu. Baadhi ya kamera za karibuni zina utambuzi wa treni. Ujaribu, lakini usiuamini kabla ya kukuza picha hadi asilimia 100 na kutazama maandishi ya namba. Fokasi ikikukimbilia kwenye nguzo kila mara, tumia njia ya zamani. Lenga taruma au kiungo cha ukingo wa jukwaa ambapo pua itapita, pata fokasi, izime isibadilike, weka f/8, halafu anza kupiga treni ikiwa bado haijafika hapo. Kwa picha 10 kwa sekunde, treni ya kilomita 100 kwa saa husogea mita 2.8 kati ya picha na picha, kwa hiyo moja itaangukia karibu na alama yako.

Kasi ya shata ndiyo yenye utamu wa hesabu. Treni hiyo hiyo husafiri mita 27.8 kwa sekunde, sawa na sentimita 2.8 ndani ya 1/1000. Ukiipiga ubavuni, picha yenye upana wa mita 30 na pikseli 6000, kila pikseli inabeba milimita 5, hivyo treni huvuka pikseli kama 5 na nusu. Hapo namba ya behewa itaonekana imepakwa mafuta. Inabidi 1/2000, na heri 1/4000. Lakini treni ikija kukuelekea, na mstari wa jicho lako ukifanya pembe ya nyuzi 20 na reli, mwendo unaokatisha mbele ya kamera ni kama theluthi tu ya ule wa ubavuni, na 1/1000 inatosha kabisa.

Vibao vya LED vinavyoandika kituo cha mwisho vina shida kinyume chake. Huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na kwa 1/1000 unapata nusu ya herufi. Shuka hadi 1/125 au chini zaidi. Kwa kuwa kasi hiyo haisimamishi treni iliyo kwenye mwendo, piga kibao ikiwa imesimama, au ikubali nusu herufi.

Ukitaka mandhari yavutike na treni ibaki safi, weka 1/60, elekeza miguu mahali utakapobonyeza, zungusha kiuno kurudi inakotoka treni, kisha ifuate bila kusimama hata baada ya kubonyeza. Kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, kiwe kwenye hali ya kufuatisha kama ipo. Nyingi zitaharibika, hiyo ni kawaida ya mtindo huu hata kwa mabingwa.

Kuna ukungu mmoja ambao watu hulaumu lenzi bure. Mchana wa jua kali, hewa moto juu ya kokoto huchezacheza, na kwa milimita 300 treni iliyo mbali hutoka kama inaonekana kupitia maji. Hakuna mpangilio unaouondoa. Iache treni ikaribie, au panda mahali pa juu, au piga mapema asubuhi.

Mwisho ni namba. Kwa reli nyingi za Ulaya, injini hubeba tarakimu 12, na hata picha mbovu inaweza kuokolewa kwa hesabu. Chukua 91 80 6185 001-5: 91 ni injini ya umeme, 80 ni Ujerumani, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki. Kuanzia kushoto, zidisha tarakimu 11 za kwanza kwa 2, kisha 1, kisha 2, hivyo hivyo hadi mwisho, na jibu likiwa na tarakimu mbili zijumlishe: 9 inakuwa 18, yaani 1+8, yaani 9. Utapata 9, 1, 7, 0, 3, 1, 7, 5, 0, 0, 2, jumla 35. Kufika 40 kunahitajika 5, nayo ndiyo iliyoandikwa. Ikiwa tarakimu moja tu haisomeki kwenye picha, jaribu 0 hadi 9 mahali pake; ni moja pekee itakayokubali. Iandike kwenye maelezo ya faili jioni hiyo hiyo, pamoja na stesheni na upande treni ilikokuwa ikielekea.