Mpiga Picha Ajibu: Nilirudi Marikiti Mpaka Wakanizoea

Dada, salamu. Miaka sita sasa napiga harusi na mahafali hapa Kayole, na moyo wangu unataka picha za sanaa. Wenzangu wananicheka, eti hizo ni za matajiri wa Lavington. Wewe ulivukaje? — Msomaji, Kayole

Salamu zimefika, ndugu yangu. Sijui kama nilivuka. Kazi ya zamani niliibeba nikaingia nayo.

Mwaka 1998 niliajiriwa studio moja ya ghorofani, River Road, kufagia na kukata picha za pasipoti. Mzee mwenye studio alinipa roli moja ya filamu kwa wiki, picha 36, na kila Jumatatu alinikalisha nimweleze, fremu baada ya fremu, kwa nini nilibonyeza. Nikisema "ilikuwa nzuri tu", anaichora msalaba kwa kalamu nyekundu. Siku moja nikamwambia, "Huyu mama alikuwa anangoja matatu, na jua lilimpata shingoni peke yake." Alinyamaza, akaiweka kando. Mpaka leo najiuliza swali lake kabla ya kidole kushuka.

Kwa hiyo usidharau harusi. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akawapiga wateja waliokuja na nguo zao nzuri wakitaka picha ya kutuma kwa jamaa. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Leo picha hizo zinatundikwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mteja alilipia sura yake, na Keïta akaongeza macho yake mwenyewe.

Wengine hunitajia Mohamed Amin, mpiga picha wa habari, mzaliwa wa Nairobi hii. Namheshimu sana. Alipofika Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, njaa ile ilibidi ionekane upesi, na picha zake zikaitikisa dunia. Ile ni kazi ya habari, na habari ina saa yake. Yangu haina wa kuisubiri, ndiyo maana lazima mimi mwenyewe niisubiri.

Nikueleze nilivyosubiri. Nilikwenda Marikiti, soko la jumla la mazao hapa mjini, alfajiri moja kununua viazi vya sherehe ya nyumbani. Mbeba mizigo mmoja mzee akapita mbele yangu na gunia tupu kichwani, kona moja imesukumwa ndani ya nyingine, limekuwa kofia yenye mkia mrefu wa kufunika mabega na mgongo. Nyuma yake lori lilikuwa limewasha taa. Nyuzi zilizochomoza pembeni mwa gunia zikashika ule mwanga, na mvuke ukawa unapanda kutoka shingoni mwake. Sikuwa na kamera.

Nilirudi kesho yake, na juma lililofuata. Miezi miwili ya kwanza sikupiga hata fremu moja. Nilikaa kwenye kibanda cha chai nikitazama nani hupita wapi, lori gani hugeukia wapi, mwanga wa nani humwangukia nani. Mtu aliyebeba gunia la viazi hawezi kusimama akungoje, anapaza "Njia! Njia!" na wewe unaruka. Kazi hiyo ilinichukua miaka 4. Nilipiga fremu zaidi ya 3,000, nikabakisha 14. Kipimo changu ni ukuta wa jikoni: picha ikikaa pale mwezi mzima na bado nasimama kuitazama sufuria ikiwa motoni, inabaki.

Wewe tafuta Marikiti yako huko Kayole.

Shikamoo mama. Naogopa kuwapiga watu wasiojua watalipwa nini. Unaombaje ruhusa? — Mwanafunzi, Ngara

Marahaba, mwanangu. Hofu hiyo ni nzuri, usiitupe.

Mimi nilianza kwa kurudisha. Kila niliyempiga nilimpelekea picha ndogo ya kushika mkononi, hata kama ile fremu siitaki mwenyewe. Wakaanza kuniuliza, "Yangu iko wapi?" Hapo ndipo nilipoeleza kwamba nataka kuzitundika ukutani mbele ya watu, nikamwuliza kila mmoja peke yake, maana mbele ya wenzake mtu hukubali kwa haya. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, nyumbani hawajui nafanya kazi hii." Filamu ile nilipoisafisha, nilikata negativi yake kwa makasi nikampelekea vipande. Ilikuwa picha kali. Siijutii.

Ninunue kamera gani? — Msomaji, Umoja

Uliyo nayo. Miaka hiyo yote Marikiti nilitumia lenzi moja ya milimita 50, na nikitaka mtu awe mkubwa, nasogea.

Pesa hiyo tumia kuujua mwanga wa mji wako. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta: jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kisha hupanda wima kwa haraka. Ikifika saa nne, macho ya mtu yamekuwa mashimo meusi. Halafu inakuja Julai, mawingu yanafunika mji tangu asubuhi, na watu wa harusi wanalalamika. Mimi Julai nafurahi! Anga lote linakuwa pazia jeupe, na ngozi nyeusi inaonyesha kila rangi iliyomo.

Hoteli moja imependa picha zangu. Niuze bei gani, na nizichape vipi zisiharibike? — Msomaji, Parklands

Bei siwezi kukupangia. Anza na gharama ya karatasi na fremu, hesabu siku zako zote, hata za kukaa ukinywa chai, na bei hiyo usimshushie huyu ukampandishia yule.

Kwenye kuchapa nitakukazia. Picha zangu za kwanza za maonyesho nilipeleka kwa fundi fremu aliyezibandika moja kwa moja kwenye kioo. Mvua za Aprili zilipokuja, unyevu ukaingia, karatasi ikagandana na kioo, na nilipojaribu kuibandua, uso wa mtu ukabaki kwenye kioo. Nililia. Tangu hapo nachapa kwa wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi usiopauka upesi, kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi, na kati ya picha na kioo natia fremu ya kadi nene ili visigusane. Na isitundikwe jua linapopiga.

Jambo jingine: andikianeni. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, picha uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ile uliyoipiga kwa hiari yako ni yako, na hoteli inanunua karatasi ya kutundika tu. Liandike hilo kwenye risiti.

Mimi kila picha naichapa nakala 7, natia namba na sahihi kwa penseli chini, basi. Ile ya mzee wa gunia, niliyekuja kumpiga baadaye, zimeuzwa 6. Namba 1 iko kwake Kariobangi, juu ya kabati la vyombo, na ameishonea kipazia cha kuzuia jua.