Kabla Hujamwita Fundi wa Dohani, Tafuta Kibali

Nyumba tunayoishi Molo ilijengwa kwa mawe ya machimbo kabla ya uhuru, na kama nyumba nyingi za enzi hiyo katika nyanda za juu za Nakuru, ina meko ya ukutani na dohani, ambayo mafundi wetu huiita chimni. Baridi ya Julai huku haina mzaha, nasi huwasha moto kila jioni. Ukarabati wa dohani hiyo niliulipia mara mbili, na mara ya kwanza kosa lilikuwa langu.

Niliona ufa uliopanda kama ngazi, ukifuata maungio ya mawe kuanzia usawa wa paa kwenda juu. Fundi niliyemwita aliutazama akiwa amesimama uani, akasema ni plasta tu iliyochoka, akaufunika kwa saruji na kupaka rangi, kazi ya siku mbili. Mvua za Aprili zilipokolea, jiwe la kileleni lilichomoka, likatoboa bati na kutua juu ya dari ya sebule. Hakuna aliyeumia.

Ndipo nilipomtafuta mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Alipanda juu akiwa na timazi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia wima, na msumari wa inchi nne. Timazi ilionyesha kwamba dohani imeinama sentimita 4 kutoka kilele hadi paa. Msumari aliusukuma kwa kidole gumba katika ungio la upande unaopigwa na mvua, ukazama wote, na alipouchomoa ulitoka mchanga mkavu uliotiririka juu ya mabati kama sukari kutoka mfuko uliotoboka. Alinieleza kwamba moshi wa kuni, hasa kuni mbichi, hubeba mvuke ambao hupoa ukifika sehemu iliyo nje ya paa na kugeuka majimaji yenye asidi, nayo hula maungio kutoka ndani mwaka baada ya mwaka, hasa pale ambapo hakuna bomba la ndani la kuyakinga mawe. Plasta niliyoigharimia ilikuwa imeufungia unyevu ndani.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kujua unakusudia kazi ya aina gani. Kusafisha masizi, kujaza maungio machache au kubadilisha bati linalozuia maji pale dohani inapokutana na paa ni matengenezo ya kawaida. Kuibomoa na kuijenga upya, kubadilisha kimo au upana wake, kukata mbao za paa zinazoizunguka, au kuondoa meko ya chini huku uzito wote wa juu ukibaki bila egemeo, hizo ni kazi za muundo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza kuanza uendelezaji wowote, yaani ujenzi au mabadiliko ya ardhi na majengo, bila ruhusa ya kaunti, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ukiwa na shaka kama kazi yako inaingia humo, waulize maafisa wa mipango wa kaunti kwa maandishi, na jibu ulihifadhi.

Michoro yetu ilionyesha dohani ilivyo na itakavyokuwa, ikiwa na saini na mhuri wa mhandisi, nasi tukaambatisha nakala ya hati miliki na risiti za kodi ya ardhi. Ada hupangwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa hiyo usitegemee kiasi alicholipa jirani mwaka juzi. Ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria huhesabu kwamba ruhusa imetolewa, ingawa mimi nisingebomoa hata jiwe moja kwa kutegemea kimya. Hakikisha pia kwamba michoro inafuata Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 mahali pa zile za 1968, kwani bado kuna wachoraji wanaonakili maelezo ya zamani.

Katika hesabu zake mhandisi alitumia pia kipimo cha mwongozo wa Uingereza, kwamba kimo cha dohani ya mawe juu ya paa kisizidi mara nne na nusu ya upana wake mdogo. Yetu ilikuwa na upana wa sentimita 45 na kimo cha mita 2.3, yaani ilikuwa ndefu kupita kiasi tangu siku ya kwanza. Hatukuweza kuifupisha, maana kilele kikikaa chini ya mgongo wa paa, upepo huurudisha moshi sebuleni. Ikabidi ipanuliwe hadi sentimita 55 na kutiwa nondo katika pembe zote nne. Nilidhani nondo ni anasa hadi aliponikumbusha tetemeko la Subukia la Januari 1928, lililokuwa na ukubwa wa 6.9, katika kaunti hii hii.

Neno moja kwa wenye mapaa ya asbesto: msiruhusu fundi ayakate kwa msumeno ili kuipisha dohani, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu na kazi hiyo ina wataalamu wake wenye leseni.

Mkaguzi wa kaunti alipokuja, bomba la ndani lilikuwa limeshawekwa lakini dari ilikuwa bado wazi, kama tulivyokubaliana. Tuliwasha majani mabichi mekoni, tukaziba kilele kwa gunia lililoloweshwa, kisha tukapanda darini na tochi. Moshi mwembamba ulikuwa ukipenya katika maungio mawili, karibu kabisa na boriti. Yalifunguliwa na kuzibwa upya siku hiyo hiyo, na boriti ikasogezwa, kabla ya mkaguzi kutia saini.