Wasomaji Wanauliza: Mvuke wa Petroli na Moshi wa Alfajiri

*Nyumba yetu hapa Mbagala imepakana na kituo cha mafuta. Lori likija kushusha, harufu inaingia mpaka chumbani. Nataka kujua tunavuta benzeni, ile sumu iliyomo kwenye mvuke wa petroli, kiasi gani. Jamaa yangu ana kile kifaa cha mkononi cha kunusa gesi. Kinatosha? — H.M., Dar es Salaam*

Ndugu H.M., kwa swali hilo hakitoshi. Vifaa vingi vya aina hiyo vina taa ya urujuanimno ya eV 10.6 (kipimo cha nguvu ya mwanga wake) inayong'oa elektroni kwenye molekuli, kisha mkondo wa umeme unaopatikana ndio unaosomwa. Benzeni, tolueni, zailini na hata mvuke wa rangi ya ukutani vyote huingia kwenye namba moja. Methani hakiioni kabisa. Tena vingi huanza kusoma kwenye 0.1 ppm (sehemu 0.1 kwa kila sehemu milioni za hewa), ambayo kwa benzeni ni kama mikrogramu 320 kwa mita ya ujazo, ilhali ukomo wa Umoja wa Ulaya kwa wastani wa mwaka umekuwa 5. Ni kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya magunia. Kitumie kutafuta mvuke unatokea wapi. Mara nyingi ni kwenye bomba la kupumulia la matangi, kwa sababu mafuta yanayoingia huusukuma nje mvuke uliokuwa ndani. Ila usikipeleke karibu na lori linaloshusha kama hakikuundwa kwa maeneo yenye mvuke unaowaka.

Kiasi chenyewe kipime kwa mirija ya chuma isiyotumia pampu. Kila mrija una urefu wa sentimita 9 hivi, umejazwa chembe za kaboni (kwa benzeni Carbopack X inafaa), na mvuke huingia wenyewe polepole. Viwanda vya kusafisha mafuta Marekani vinatakiwa kuitumia kwenye uzio wao, siku 14 kila mrija.

Itundike mita 1.5 hadi 3 kutoka ardhini, mdomo ukitazama chini, ndani ya kopo lililo wazi upande wa chini ili mvua isiingie. Mmoja uwe ukutani kwenu upande wa kituo, mingine pande nyingine za kituo, na mmoja mbali, upande upepo unakotoka. Kipindi cha kusi, hapo Dar, huo ni upande wa kusini-mashariki. Bila huo wa mbali hutajua kipi ni cha kituo na kipi ni cha barabara. Sehemu moja weka miwili pamoja. Ikitofautiana sana, kuna mkono ulioharibu. Ongeza mrija shahidi unaosafiri na wenzake bila kuvuliwa kifuniko isipokuwa kwa muda mfupi wa kutundika. Ukirudi na benzeni nyingi, uchafu uliingia njiani na matokeo yote yana walakini.

Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mirija imebebwa kwenye buti lenye dumu la petroli, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, au imetundikwa pale bodaboda zinapoegeshwa. Tumia namba iliyochongwa kwenye mrija wenyewe, andika saa na dakika ya kufungua na kufunga, kaza vifuniko, usipulize dawa ya mbu karibu.

Maabara itaupasha mrija moto na kuupeleka mvuke kwenye kromatografi ya gesi. Hiyo ni mashine inayotenganisha kila kemikali na kuipima peke yake. Utaletewa nanogramu za benzeni iliyonaswa. Carbopack X hufyonza benzeni kwa kasi ya mililita 0.67 kwa dakika, na siku 14 ni dakika 20,160, kwa hiyo hewa iliyopimwa ni lita 13.5. Tuseme umeletewa nanogramu 81: ugawe kwa 13.5, unapata nanogramu 6 kwa lita, ambazo ni sawa na mikrogramu 6 kwa mita ya ujazo. Dar inatosha hivyo. Nairobi, ambako kanieneo ya hewa ni kama kPa 83 (usawa wa bahari ni kama 101), mvuke hupenya haraka zaidi na kasi inakaribia 0.8; asiyesahihisha atatangaza takriban moja ya tano zaidi ya kilichopo.

Omba maabara ipime na tolueni, kemikali nyingine ya petroli. Ikiwa chini ya benzeni, shuku moshi wa kuni au taka kabla hujamlaumu mwenye kituo.

*Kwa nini hamshauri wastani wa siku moja? Siku 14 ni nyingi. — Z., Mombasa*

Kwa siku moja mrija utafyonza chini ya lita moja ya hewa, na maabara itakuwa ikisoma karibu na uchafu wa mrija wenyewe. Ukitaka saa 24, azima mtungi wa lita 6 uliotolewa hewa, wenye vali inayovuta taratibu. Gharama yake ni nyingine kabisa.

*Kihisi changu cha PM2.5 hapa Limuru husoma 80 alfajiri na 20 mchana. Ni makaa ya majirani au ukungu? — Mama N., Limuru*

Mama N., huenda ni vyote viwili. PM2.5 ni chembe ndogo za hewani zisizozidi mikromita 2.5, na namba zako ni mikrogramu kwa mita ya ujazo. Kihisi cha leza huhesabu mwanga unaotawanywa na chembe, na unyevu ukipita asilimia 75 hivi, chembe hunywa maji na kuvimba. Mashine za rejea, zile rasmi ambazo vihisi hulinganishwa nazo, huipasha hewa joto kwanza. Chako hakifanyi hivyo. Kwa vihisi vya leza vya chapa ya PurpleAir, Wamarekani huzidisha usomaji kwa 0.524, hutoa 0.0862 mara asilimia ya unyevu, kisha hujumlisha 5.75. Kwa 80 na unyevu wa asilimia 92, inabaki kama 40. Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa hewa ya kwao, kwa hiyo isikupe zaidi ya picha ya ukubwa wa tofauti. Dawa ni kukiweka kihisi kando ya mashine ya rejea wiki kadhaa, msimu wa ukungu ukiwemo, na kutafuta namba zako. Hata hivyo 40 si hewa safi: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa saa 24 usizidi 15.

Namba ya PM10 (chembe hadi mikromita 10) ya kihisi hicho usiiamini kiangazi. Vumbi nene la barabara halimulikwi sawasawa, nyingi hukosekana. Na kikianza kusoma juu saa zote, fungua utazame feni: utando wa buibui ni kawaida.