Kura ya baraza la jiji Portland, Maine: usiishie kwenye namba moja

Novemba 2021, kiti kimoja cha udiwani wa jiji zima huko Portland, jimbo la Maine nchini Marekani, kilimalizika kwa sare: Brandon Mazer kura 8,529, Roberto Rodriguez kura 8,529. Ikapigwa kura ya bahati, jina la Mazer likatoka kwenye bakuli. Rodriguez akaomba kura zihesabiwe upya kwa mkono, na hesabu hiyo ikampa ushindi kwa kura 35. Jiji lina watu wapatao 68,000. Kura 35 ni watu wa jengo moja la ghorofa.

Ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wamefanya Portland kuwa nyumbani, na kila mwaka wapo wanaoapa uraia na kupata haki ya kupiga kura. Ni rahisi kudhani kura yenye maana ni ile ya rais tu. Lakini baraza ndilo linalopitisha bajeti ya jiji, linalopanga nini kijengwe wapi, na linalomwajiri meneja wa jiji anayeendesha shughuli za kila siku. Kodi yako ya nyumba inaguswa hapo zaidi kuliko Washington.

Kabla ya jambo lolote, uraia. Kama bado unasubiri hifadhi, au una green card tu (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), usijiandikishe kupiga kura, hata kwa uchaguzi wa jiji. Mwaka 2010 wapigakura wa Portland waliulizwa kama wakazi halali wasio raia waruhusiwe kupiga kura za jiji, wakakataa. Hatari kubwa haiko kwenye chumba cha kura, iko kwenye makaratasi: ofisi ya leseni ya udereva inaweza kukuuliza kama wewe ni raia na kama unataka kuandikishwa. Mtu aliyechoka, Kiingereza chake cha kubabaisha, anajibu ndiyo na kutia sahihi. Miaka ikipita, fomu ya kuomba uraia inamuuliza kama aliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu hilo linaweza kumfungia mlango wa uraia, hata kumfukuzisha nchini. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Kama tayari ulitia, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa fomu ya uraia. Asiye raia bado anaweza kwenda kwenye kikao cha baraza na kusema pale wananchi wanapopewa nafasi, kwa kawaida dakika chache tu kwa kila mtu. Andika maneno yako mapema, uyasome.

Baraza lina watu 9: meya, madiwani 5 wa kata na madiwani 3 wa jiji zima. Meya hukaa miaka 4, diwani miaka 3, na vipindi vimepishanishwa, ndiyo maana kila Novemba kuna viti vinavyogombewa. Wewe unampigia diwani wa kata yako pamoja na wa jiji zima, viti vyao vikifika zamu. Majina ya vyama hayamo kwenye karatasi, kwa hiyo usitegemee kumtambua mgombea kwa chama chake.

Sasa sehemu inayowachanganya wengi. Meya wa Portland amechaguliwa kwa kupanga wagombea kwa namba tangu 2011, na Machi 2020 wananchi waliongeza utaratibu huo kwa madiwani na bodi ya shule. Karatasi ina jedwali: majina yanashuka upande mmoja, na juu kuna safu za chaguo la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea. Unajaza kiduara kimoja katika kila safu.

Tuseme zimepigwa kura 10,000: Juma 4,200, Neema 3,300, Bahati 1,500, Rehema 1,000. Hakuna aliyevuka nusu. Wa mwisho, Rehema, anatolewa, na karatasi zake zinaangaliwa chaguo la pili: 300 zinakwenda kwa Juma, 500 kwa Neema, 100 kwa Bahati, na 100 hazina chaguo lingine, zinakufa. Anafuata Bahati kutolewa akiwa na 1,600: Juma anapata 200, Neema 1,200, na 200 nyingine zinakufa. Mwisho wake Neema ana 5,000, Juma 4,700. Angalia tofauti: 300. Ni idadi ileile ya karatasi zilizokufa njiani kwa sababu wenye nazo waliishia mapema. Hawakukataa kuchagua kati ya Neema na Juma, hawakujua tu kwamba watafika huko.

Namba mbili haimpunguzii nguvu namba moja. Haiguswi mpaka wa kwanza wako awe ametoka kabisa. Ukimpenda mtu mmoja ukamjaza safu zote, inahesabika mara moja tu, akitoka kura yako imekwisha. Ukijaza watu wawili kwenye safu moja, mashine haiwezi kujua unamtaka nani, na kura yako inakomea hapo. Usiache safu tupu katikati pia. Mgombea usiyemtaka kabisa, mwache bila namba. Kumpa ya mwisho bado ni kumpa nafasi. Ukikosea, usifute wala usikwaruze. Irudishe kwa msimamizi, uombe karatasi nyingine. Na igeuze: mara nyingi kuna maswali ya kura ya maoni. Udhibiti wa kodi za nyumba za kupanga ulipita kwa njia hiyo, Novemba 2020.

Kujiandikisha Maine ni rahisi. Unaweza kufanya hivyo siku yenyewe ya uchaguzi, kituoni, ukiwa na uthibitisho wa wewe ni nani na wapi unakaa, kama bili ya umeme yenye jina lako na anwani. Tatizo hutokea kwa waliohama nyumba bila kubadilisha anwani: wanakwenda kituo cha zamani, hawamo kwenye kata hiyo, foleni inaanza upya. Badilisha mapema kwa karani wa jiji. Aliyewahi kufungwa jela naye ana haki. Maine haimnyang'anyi mfungwa kura.

Kwa wanaofanya kazi zamu mbili, omba karatasi ya kupigia nyumbani. Maombi hufungwa Alhamisi kabla ya uchaguzi. Karatasi lazima iwe imefika mikononi mwa karani kabla ya saa 2 usiku siku ya kura. Muhuri wa posta wa siku hiyo hausaidii. Weka sahihi kwenye bahasha, hapo ndipo wengi husahau. Zikibaki siku chache, ipeleke mwenyewe badala ya kuituma.

Kama Kiingereza ni kigumu, sheria ya Marekani inakuruhusu kuingia na mtu unayemwamini akusomee na kukusaidia kujaza: mwanao, jirani, dada wa kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wako au wakala wake, na kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi.

Wazazi, tieni alama nyingine kwenye kalenda: Juni. Wakati huo bajeti ya shule hupelekwa kwa wapigakura, ndiyo au hapana. Wanaojitokeza huwa wachache, kituo hakina foleni, na unatoka ndani ya dakika 10.